Faida ya Pili ya Chanjo ya Kifua Kikuu

Chanjo nitakayoizungumza jioni hii ni ile ambayo wengi wetu tunaichukua alama yake mkononi tangu uchanga, yaani chanjo ya kifua kikuu ambayo matabibu huiita BCG. Na hasa nakusudia kuizungumza faida yake moja ambayo walioitengeneza hawakuikusudia, ambayo iliwapita wengi waliokuja baada yao, na ambayo mpaka leo, ijapokuwa ushahidi wake umekwisha kuwa mkubwa, haijapewa haki yake katika vituo vyetu vya afya. Faida hiyo ni kwamba mtoto mchanga akichanjwa ili akingwe na maradhi hayo mamoja hupata pia, aghalabu, nguvu ya kuyahimili maradhi mengine yasiyo na nasaba yoyote na kifua kikuu.

Najua kwamba maneno haya yana ugeni, kwani sote tumefundishwa, na tumefundishwa sawasawa, kuwa kila chanjo ina maradhi yake: ya surua huzuia surua, ya pepopunda huzuia pepopunda, na mwili uliokwisha kumtambua adui mmoja hauwi kwa sababu hiyo umemtambua na jirani yake. Kanuni hiyo ni ya kweli, nayo imeokoa roho zisizo na hesabu. Walakini si kanuni peke yake itawalayo katika miili yetu. Iko ya pili, kongwe kuliko hiyo, ambayo yataka tuieleze kwa utaratibu, tukianzia kwenye asili ya dawa yenyewe.

Mwaka 1908, katika mji wa Lille ulioko kaskazini ya Ufaransa, tabibu Albert Calmette na mwenzake Camille Guérin, ambaye yeye alikuwa daktari wa mifugo, walichukua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe wakavistawisha juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe na gliserini, wakaona jambo la ajabu, kwamba kadiri walivyovihamisha kutoka chombo kimoja kwenda kingine ndivyo ukali wake ulivyopungua. Wakaishika kazi hiyo ya kuvihamisha kila baada ya wiki tatu, mwaka hata mwaka, hawakuiacha hata wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, mji wao ulipokaliwa na majeshi ya Wajerumani, mpaka walipotimiza mara 230 katika muda wa miaka 13, wakawa na kijidudu kilicho hai ambacho hakikuweza tena kumtia mnyama kifua kikuu. Mtoto wa kwanza kupewa chanjo hiyo, mjini Paris mwaka 1921, alikuwa kichanga ambaye mama yake alikufa kwa kifua kikuu muda mchache baada ya kumzaa, na ambaye hakuwa na mlezi mwingine ila bibi yake, naye bibi alikuwa na maradhi yayo hayo. Walimnywesha, kwani siku zile ilikuwa bado haidungwi, na mtoto akakua salama.

Haifai kuusimulia mwanzo huo mwema bila ya kuutaja msiba uliofuata. Katika mwaka 1930, katika mji wa Lübeck huko Ujerumani, watoto wachanga takriban 250 walinyweshwa chanjo iliyotayarishwa mjini humo, na zaidi ya 70 kati yao wakafa kwa kifua kikuu. Uchunguzi ulidhihirisha kwamba kosa halikuwa la chanjo, bali la maabara, ambamo viini vikali vilikuwa vimechanganyika na vile vilivyopozwa. Lakini hofu iliyoingia katika nyoyo za wazazi wa Ulaya haikutoka upesi, wala siwezi kuwalaumu kwa hofu ile. Nimeutaja msiba huu kwa sababu mtu yeyote atakaye kuutibu mwili kwa kijidudu, au kwa kipande cha kijidudu, amechukua amana nzito, na usafi wa kazi yake ni jambo la uhai na mauti.

Basi katika miaka hiyo hiyo tabibu mmoja wa Sweden, jina lake Carl Näslund, alikuwa akiweka hesabu ya watoto wa jimbo la Norrbotten, kaskazini kabisa ya nchi yake, ambako chanjo ilianza kutolewa mwaka 1927. Alipowalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa aliona kwamba vifo vya waliochanjwa, katika mwaka wao wa kwanza wa maisha, vilikuwa karibu theluthi tu ya vifo vya wenzao. Hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi ya kusifiwa, kwa sababu hakufurahi akanyamaza, bali alijiuliza inawezekanaje, ilhali kifua kikuu hakiui vichanga wengi kiasi hicho wala hakiwaui mapema kiasi hicho, chanjo ya kifua kikuu ipunguze vifo vyao namna ile. Na jawabu aliyoitoa ni kwamba yamkini chanjo hii huamsha mwilini kinga isiyochagua maradhi. Pingamizi ipo, nayo ni ya haki: mzazi ampelekaye mtoto kuchanjwa aghalabu ndiye pia amtunzaye vyema nyumbani, na kwa hiyo hatuwezi kujua, kwa hesabu za namna ile peke yake, kama kilichomwokoa mtoto ni chanjo au ni malezi. Ilihitajiwa wapatikane watoto waliogawanywa kwa kura, na kura hiyo ilikuja kupigwa baada ya miaka mingi, katika nchi nyingine kabisa.

Kabla ya kura hiyo kupigwa, mabingwa wa maabara walikuwa wanaikaribia siri hiyo kwa njia yao. René Dubos, Mfaransa aliyefanya kazi zake New York, alionyesha mwaka 1957, pamoja na mwenzake Russell Schaedler, kwamba panya waliodungwa vijidudu vya jamii ya kifua kikuu, au hata baadhi ya sehemu tu zilizotolewa katika miili ya vijidudu hivyo, walistahimili viini vya aina nyingine ambavyo viliwaua panya wenzao. Neno la kulishika hapo ni hilo la sehemu. Maana ikiwa kijidudu kizima si lazima, na kipande chake chatosha, basi yaliyobaki ni kukitafuta kipande hicho ni kipi. Na mwaka 1974 wanakemia wa Ufaransa waliokuwa chini ya Edgar Lederer wakakipata, kidogo mno, kisichokuwa ila sukari moja iliyofungamana na viungo viwili vya protini, kilichomo katika ukuta wa kijidudu, wakakiita muramili-dipeptidi. Miaka mitatu baadaye Louis Chedid na wenzake walikidunga kipande hicho, kilichotengenezwa kwa kemia tupu bila ya kijidudu chochote, katika miili ya panya, na panya hao wakaikabili bakteria ya Klebsiella, iletayo homa ya mapafu, kwa ushujaa ambao wenzao hawakuwa nao.

Mtu atauliza, mwili unapata nini katika kipande kisichokuwa na uhai? Jawabu ni kwamba ukuta wa aina hii ni mali ya bakteria, wala haupo katika mwili wa mwanadamu, na kwa hiyo chembe zetu nyeupe za damu zimeumbwa na vitambuzi vyake maalumu, na kitambuzi kimoja, ambacho wataalamu wamekiita NOD2, hukitambua kipande hicho cha Lederer na kupeleka habari katika kiini cha chembe. Hadi hapo hakuna la ajabu. La ajabu limegunduliwa katika miaka ya karibuni na Mihai Netea, bingwa mzaliwa wa Romania afundishaye katika mji wa Nijmegen, Uholanzi, ambaye pamoja na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba chembe nyeupe za mtu aliyechanjwa BCG hubakia na athari ya habari ile kwa miezi kadhaa baadaye: sehemu fulani za urithi wake, zile zinazoamrisha silaha za mwili zitengenezwe, huwa zimefunguliwa kidogo na kuachwa wazi, kama bawabu aliyekwisha kuvamiwa mara moja ambaye tangu siku ile hulala na rungu karibu na mkono. Akija mgeni mbaya, awe ni yule wa zamani au mwingine, chembe hizo huinuka upesi zaidi na kwa nguvu zaidi. Hali hii wameiita kinga iliyofunzwa.

Walakini palikuwa na fumbo. Chembe zenyewe haziishi katika damu ila siku chache, na chembe ifapo hufa na mafunzo yake. Basi ilikuwaje mafunzo yakadumu miezi? Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka 2018 kwa panya, na mwaka 2020 kwa binadamu, ilipoonekana kwamba chanjo huziathiri chembe mama zilizomo katika uboho wa mifupa, ambamo chembe za damu huzaliwa, ndipo kila kizazi kipya kikazaliwa kimekwisha kufunzwa. Na ili isidhaniwe kuwa hayo ni mambo ya chupa za maabara tu, watu wazima waliojitolea huko Uholanzi walichanjwa BCG, kisha baada ya mwezi mmoja wakachanjwa chanjo ya homa ya manjano, ambayo ni virusi hai vilivyopozwa. Na wale waliotangulia kupata BCG walionekana kuwa na virusi vichache zaidi katika damu zao kuliko waliotangulia kupewa dawa isiyo na kitu.

Sasa twende Guinea-Bissau, kwa kuwa huko ndiko kura ilikopigwa. Katika mji wa Bissau, Peter Aaby wa Denmark alianzisha mwaka 1978 kazi ya kuandikisha watoto nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Bandim na jirani zake, kazi ambayo haijakatika mpaka leo, na ambayo mimi naihesabu kuwa miongoni mwa kazi za subira kubwa kabisa zilizopata kufanywa katika bara letu. Desturi ya huko ilikuwa mtoto aliyezaliwa akiwa mwepesi, chini ya gramu 2,500, asichanjwe BCG mpaka aongeze uzito; na kwa kuwa desturi hiyo ilikuwapo, iliwezekana, bila ya kumdhulumu mtu, kuwagawanya watoto hao wepesi kwa kura, hawa wachanjwe papo hapo na wale wangoje kama ilivyozoeleka. Majaribio matatu ya namna hiyo yalipojumlishwa pamoja, vifo vya siku 28 za mwanzo vilionekana vimepungua kwa asilimia 38 miongoni mwa waliochanjwa mapema. Yafikirini hayo, wasikilizaji wangu: watoto hawa hawakuwa wakifa kwa kifua kikuu katika mwezi wao wa kwanza; walikuwa wakifa kwa sumu ya viini katika damu, na kwa homa za mapafu, na chanjo iliyokusudiwa jambo jingine kabisa ndiyo iliyosimama baina yao na kaburi. Aidha ilionekana huko huko kwamba watoto ambao chanjo yao iliacha kovu walikufa kwa uchache kuliko wale ambao haikuacha, nayo ni dalili kwamba namna ya kuchanja, na ustadi wa mkono uchanjao, vina maana yake.

Na karibu na kwetu zaidi, katika mji wa Entebbe, Uganda, watoto 560 waligawanywa kwa kura vivyo hivyo, nusu wakachanjwa siku ya kuzaliwa na nusu wakangoja wiki 6. Katika wiki hizo za mwanzo, waliochanjwa waliugua maradhi ya kuambukiza yasiyo kifua kikuu kwa uchache zaidi, tafauti ikiwa ni kiasi cha asilimia 29. Baada ya wale wa pili nao kuchanjwa, tafauti ikafifia, kama ambavyo mtu angetazamia endapo sababu ilikuwa ni chanjo.

Yapasa niseme pia yale yasiyofuata mkondo huo, maana msikilizaji anastahiki habari nzima. Huko Denmark watoto zaidi ya 4,000 walishirikishwa katika jaribio la namna hii, na waliochanjwa hawakupungukiwa na safari za kulazwa hospitalini. India, ambako ilitumiwa jamii nyingine ya kijidudu hicho, inayotoka Urusi, vifo vya vichanga wepesi havikupungua. Na wakati wa janga la korona, walipochanjwa wauguzi na matabibu wapatao 3,988 wa nchi tano, jaribio ambalo majibu yake yalitangazwa mwaka 2023, BCG haikuwakinga na korona. Mimi katika haya yote naona mambo mawili. La kwanza ni kwamba jamii za BCG si sawa, ijapokuwa zote zina jina moja, kwani kijidudu cha Calmette kiligawanywa katika nchi nyingi na kila nchi ikakifuga kwa namna yake hata kikageuka. La pili ni kwamba faida hii ni ya mtoto mchanga, aliyezaliwa pahala penye viini vingi na uganga haba, ambaye kinga yake ya kujifunza adui mmoja mmoja bado haijapata wakati wa kujifunza lolote. Mtu mzima, aliyekwisha kukutana na viini elfu, na pengine aliyechanjwa BCG akiwa mtoto, hapana dalili ya kutosha kwamba itamwongezea kitu. Kwa sababu hiyo nawatahadharisheni na dawa zinazotangazwa madukani kuwa zinaongeza kinga ya mwili kwa kila mtu na kwa kila maradhi. Kuamsha kinga bila ya kipimo si neema, kwani hata kile kipande cha Lederer, pamoja na faida zake zote, huleta homa, na mafuta yaliyomo katika ngozi za bakteria nyingine huweza kumwua mtu kwa wingi wa kinga yenyewe inapopandwa na wazimu.

Hata hivyo mafuta hayo nayo yamefugika. Edgar Ribi, aliyekuwa akifanya kazi katika jimbo la Montana, Marekani, alipata njia ya kuyapunguza sumu mafuta ya bakteria ya Salmonela huku yakibakia na uwezo wa kuamsha kinga, na watoto wengi wa Afrika ya Mashariki wamekwisha kuyapata miilini mwao pasi na wazazi wao kujua, kwa sababu yamo ndani ya chanjo ya kwanza ya malaria, ile iitwayo RTS,S. Jaribio lake kubwa, lililoanza mwaka 2009, lilichukua watoto 15,459 katika nchi saba, wakiwemo wa Bagamoyo na Korogwe, na wa Kilifi na Siaya. Na mwezi Oktoba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaagiza itumike. Kipande kidogo cha malaria peke yake kisingeushughulisha mwili. Kilichoufanya mwili ukitazame ni yale mafuta ya bakteria, pamoja na dawa iliyokamuliwa katika gome la mti wa Chile.

Nimekwisha kueleza ilimu. Sasa nataka kusema juu ya kichupa. Chanjo ya BCG huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa kimoja chenye dozi 20, na ukisha kuchanganywa na maji yake ni lazima utumike katika muda wa saa 6, kisha uliobaki umwagwe. Kwa hiyo muuguzi aliye na mtoto mmoja mbele yake, na ambaye ameonywa asiharibu dawa za serikali, humwambia mama arudi siku fulani watakapokuwa wamekusanyika watoto wa kutosha kufungulia kichupa. Na mama, ambaye jana tu amejifungua, na ambaye nauli yake ni ya kukopa, harudi siku hiyo, wala wiki hiyo, pengine harudi ila mtoto akiwa na mwezi na nusu. Simlaumu muuguzi, kwani anatii aliyoagizwa. Namlaumu aliyepanga hesabu ambayo ndani yake dozi 19 zilizomwagwa huandikwa kuwa hasara, na mwezi mzima ambao mtoto aliishi bila ya kinga hauandikwi mahali popote. Dawa hii ni miongoni mwa zilizo rahisi kabisa kwa bei. Roho ya mtoto haina bei. Na Shirika la Afya Duniani lenyewe linaagiza kwamba katika nchi zenye kifua kikuu kingi mtoto achanjwe mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, ila yule aliyethibitika kuwa na virusi vya Ukimwi, ambaye kwake chanjo iliyo hai yaweza kuwa hatari, na huyo hungojewa mpaka dawa zake zimtulize kwa uamuzi wa tabibu.

Basi enyi mnaoshika madaraka ya afya katika wilaya na mikoa, waandikieni wauguzi wenu waraka wenye maneno machache, kwamba kichupa cha BCG kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na kwamba hapana atakayeulizwa kwa dozi zilizobaki. Nanyi wazazi, kabla hamjatoka hospitalini na mtoto wenu mikononi, ulizeni kama amechanjwa. Na mkiambiwa mrudi siku nyingine, ombeni kwa adabu, lakini msichoke kuomba, achanjwe siku hiyo hiyo.